Kabla Hujawafunda Wasichana wa Nachingwea

Chunyu, Jumapili alasiri

Anasta mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, nami najua hatakuachia upesi. Lazima kwanza akuite mke mwenzake, akuulize unamwachia nani mume wenu, akukaangie karanga, mcheke mpaka jua likaribie kutua. Chekeni tu. Mimi nimeupata mwanya niliokuwa nautafuta wiki nzima. Nimekaa nyuma ya jiko, kinu nimekipindua kimekuwa meza, na karatasi hizi nilimwomba baba yako nikimwambia ni za kuandikia majina ya watoto wa kipaimara. Ni uongo. Nitauungama, lakini si leo.

Habari za kuchemsha maji, za kumeza kwinini, za kutomwazima mtu khanga yako, sikuandikii. Hayo nimekuimbia mpaka umeyachoka, na kwa mambo ya namna hiyo kinywa changu hakijawahi kukwama. Kinachokikwamisha ni kile ulichoniuliza Jumatatu tukimenya mihogo, nami nikakutuma ukachote maji ilhali mtungi ulikuwa umejaa.

Nakiandika kama ulivyokisema, nisije nikajidanganya kwamba sikusikia. Ulisema, "Mama, Padre anasema kule Nachingwea nitakaa na wasichana wa shule jioni, niwafundishe usafi wa moyo na mambo ya ndoa, kama ulivyofundisha wewe. Sasa wakiniuliza mtoto anaingiaje tumboni, niwajibu nini? Maana hata mimi sijui sawasawa." Nikakuambia mbuzi si umewaona. Ukasema, "Ya mbuzi nayajua, mama. Nauliza ya watu." Ndipo nikayataka maji.

Una miaka ishirini. Una cheti cha ualimu, unajua kugawanya sehemu kwa sehemu, unajua mito ya Ulaya inamwaga maji yake wapi, na hilo hulijui. Ulikulia bwenini kwa masista, ukija nyumbani ni likizo tu, na likizo sisi tunakulisha na kukusifia. Hao wanaokutuma kesho ukawafunde binti za watu hawakuuliza kama wewe mwenyewe ulifundwa. Tangu siku ile hasira imenikaba. Nimemkasirikia Padre, nimemkasirikia baba yako, bibi yako, hata wewe nimekukasirikia kwa kuuliza kwa upole vile, kama mtu anayeomba chumvi. Lakini zaidi nimejikasirikia mimi, kwa sababu katika kigango chetu chote anayejua pande zote mbili, wa bibi yako na wa Padre, ni mimi. Na mimi ndiye niliyenyamaza.

Utashangaa kwa nini nakuandikia Kiswahili na nyumbani tunasema Kimwera. Kimwera cha mambo haya ni cha bibi yako na wenzake, mimi nikikitamka mbele ya mwanangu ulimi unakauka. Kiswahili nilijifunza ukubwani, shuleni na gulioni, hakijanizoea sana. Mtu humwonea haya ndugu kuliko mgeni.

Na kwa kuwa umekulia kwa masista, huenda hata hujui jambo hili linavyokwenda huku kwetu. Mama hamfundi mwanawe. Siyo kwamba hampendi, ni mwiko. Binti akivunja ungo humwambia bibi yake, bibi humpeleka kwa nyakanga, yule mama mzee anayewafunda wasichana unyagoni, na mama mtu anapata habari kwa watu, kama anayesikia habari za jirani. Bibi anaweza kusema lolote maana yeye na mjukuu ni watani. Kati ya mama na binti kuna heshima. Waswahili wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; huku kwetu asiyefunzwa na bibiye ndiye anayefunzwa na ulimwengu, na wewe bibi yako nilikunyima mimi. Nitafika huko.

Mimi nilichezwa unyago. Hilo unalijua nusu tu. Bibi yako Somoe alikuwa ndiye nyakanga wa Chunyu, na hata leo ndiye, na nyumbani kwetu tulikuwa Waislamu kama majirani wote. Lakini zamu yangu ilipofika yeye alikaa nje kama mama mwingine yeyote, ingawa nyumba ilikuwa yake na ngoma ilikuwa yake. Alinifunda shangazi yake. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilikuwa kizuri mle ndani. Nilipigwa fimbo, nikatishwa kwa maneno, na kulikuwa na upuuzi mwingi wa kumnyenyekea mume hata kama mume ni mjinga. Nyimbo nyingine mtu akiziimba leo mchana nitaziba masikio. Lakini nilitoka nikiwa najua damu ni nini na mimba inakujaje. Nilijua pia kwamba mwanamke naye ana fungu lake katika furaha ya chumbani, yeye si mkeka.

Baadaye nikasoma kwa masista, nikabatizwa Kresensia, nikaolewa na baba yako, mwalimu wa dini. Siku tulipoachwa peke yetu, baba yako alipiga magoti kando ya kitanda akasali. Akasali. Akasali sala ninazozijua na nyingine ambazo nadhani alizitunga hapohapo, mpaka nikamvuta shati. Haya, nimeandika. Tulifurahi, Anasta, mimi na baba yako, na haikuwa uchafu, ilikuwa ndoa. Bahati mbaya furaha yenyewe ikanitia wasiwasi, maana katika mafundisho ya ubatizo sikuwahi kusikia mtu akiitaja. Nikaenda kuungama. Padre wa wakati ule alikuwa kijana, mgeni, nikasikia kiti chake kikilia nyuma ya pazia. Halafu akasema, "Mambo hayo usiyaseme tena," akanipa rozari nzima kuwa kitubio. Nikaisali yote, na mpaka leo sijui ile rozari ililipia kitu gani.

Basi sikuyasema tena. Mimi ni mtiifu, ndilo tatizo langu.

Wewe ulikuwa bado mdogo yalipokuja mambo ya karanga, yale mashamba makubwa ya Waingereza. Matrekta yaliingia Nachingwea, msitu ukang'olewa kwa minyororo, vijana wakamiminika kutoka kila pembe kutafuta kazi, na palipokuwa pori pakawa mji. Padre tuliyekuwa naye, huyuhuyu tuliye naye sasa, akaingiwa na hofu kwa ajili ya wasichana wetu. Alikuwa na haki ya kuogopa. Akaniita akasema tusiishie kuwakataza unyago tu, tuwe na mafundisho yetu wenyewe ya wasichana, na mwalimu niwe mimi. Nilifurahi nusura nirukeruke mbele yake. Nikadhani sasa tutapepeta mchele: vipigo na matusi tupeperushe, ujuzi ubaki, na juu yake tuweke sala. Nikawaomba mama wazee wawili Wakristo wakae nami. Hata bibi yako nilimwendea kwa ushauri, akacheka akasema sasa nimekuwa nyakanga wa Padili.

Padre alikuwa na sharti moja tu. Mafundisho yawe ya mchana, na mlango uwe wazi, ili kila apitaye aone kwamba hakuna ushetani. Hakuwa na nia mbaya. Kwao huenda watu husema mambo haya milango ikiwa wazi, sijui, sijafika kwao.

"Nlango ukiwa wazi unafundisha kuku," bibi yako alisema nilipomsimulia.

Na kuku waliingia kweli. Siku ya kwanza mama wazee wale waliketi, wakatazama mlango, wanaume wanapita na mbao za kanisa, wanachungulia, wanatuamkia. Mama mzee mmoja akaninong'oneza, "Tuanze na lipi?" Nikasema tuimbe. Tukaimba nyimbo za Bikira Maria. Kesho yake tukaimba tena. Tukawafundisha kudarizi vitambaa vya altare. Tukawasimulia watakatifu mabikira waliokubali kukatwa vichwa. Wasichana wakawa wananitazama, wanangoja kile walichojua kwamba wenzao wa unyagoni wamepewa, na mimi sina kitu cha kuwapa na mlango uko wazi. Nikawaambia wavae skapulari, vile vipande viwili vya kitambaa vya Mama Maria vinavyoning'inia shingoni kwa uzi. Nikawaambia wasiivue hata wakioga, na mwenye kuivaa Mama Maria atamlinda asipatwe na aibu. Maneno hayo hayamo katika katekismu. Ni yangu mwenyewe.

Mwishoni walitoka na nguo nyeupe na utepe wa bluu wa chama cha Watoto wa Maria, vigelegele vikapigwa, Padre akawapiga picha. Watu wakahesabu kwamba wamefundwa. Wavulana, usisahau, walikuwa wameruhusiwa jando lao porini, limebarikiwa, padre anakwenda asubuhi kuwaombea halafu anarudi zake, na yanayosemwa huko baada ya yeye kuondoka hakuna aliyeyawekea sharti la mlango, maana porini hakuna mlango. Nilipomwambia baba yako kwamba hilo si haki, aliniambia nisichanganye mambo. Mpaka leo nayachanganya.

Felista unamkumbuka, binti wa fundi seremala, aliyekuwa akikubeba mgongoni. Alikuwa mmoja wa wale wa nguo nyeupe, na alikuwa mwepesi wa kushika kuliko wote. Alikwenda Nachingwea kumuuguza shangazi yake, huko akajuana na dereva wa trekta, akarudi nyumbani. Haukupita muda mrefu mama wazee wakamtazama, kisha wakatazamana. Akaitwa mbele ya Padre na wazee wa kanisa, nami nikaitwa kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake. Padre akamuuliza kama ana mimba. Felista akasema haiwezekani. Hakusema kwa ujeuri, alisema kama mtoto anayejibu hesabu anayoijua. Akaingiza mkono kwenye kola ya gauni, akaitoa skapulari, imechakaa, uzi umeungwaungwa, akamgeuzia Padre mgongo akanionyesha mimi.

"Lakini sikuivua, mwalimu," akasema. "Hata siku moja."

Wazee wawili wakacheka. Baba yako hakucheka, aliinamisha macho. Padre hakuelewa, akaniuliza msichana anasema nini juu ya skapulari. Mwanangu, nilikuwa na nafasi pale. Ningemwambia, Padre, huyu hasemi uongo, huyu hakufundishwa, na skapulari nilimwambia mimi. Wazee wangeshtuka, Padre angenifukuza ualimu au asingenifukuza, lakini jambo lingekuwa limesemwa. Nikasema, "Anatafuta kisingizio, Padre."

Jumapili iliyofuata nikaagizwa nimvue utepe wa bluu mbele ya wenzake. Fundo lilikuwa limekaza, nikahangaika nalo kwa kucha, na yeye akainamisha shingo ili kunirahisishia. Nikamvua, akaenda kuketi benchi la nyuma. Dereva hakuitwa na mtu yeyote. Karanga zilipowashinda waliozileta, aliondoka na wenzake, na sidhani kama hata jina lake la pili tuliwahi kulijua.

Usidhani nakusimulia habari za msichana aliyepotea. Felista yupo, ana afya kunishinda. Aliolewa Ruangwa na mkulima wa ufuta, Mwislamu, mtu mpole, na sasa anaitwa Zuhura. Nikikutana naye gulioni ananipigia shikamoo ya adabu, anapokea kikapu changu, ananiuliza habari zako. Natamani siku moja anitukane. Aliniambia mara moja tu, bila hasira, kwamba binti yake akikua atamleta afundwe na Bibi Somoe, wala hataki mtoto wake akanyage kigangoni. Nikauliza bei ya ufuta.

Baada ya hayo ungedhani nilipata akili. Sikupata. Ulipovunja ungo, ukiwa likizo, bibi yako alipata habari, akaja na khanga mpya begani, tayari kukuchukua. Nikamsimamia mlangoni, mama yangu mzazi, nikamwambia mtoto wa mwalimu wa dini hachezwi unyago.

"Nani atanfunda?" akauliza.

Nikasema Kanisa. Akaitazama nyumba ya mafundisho kule ng'ambo, akarudi na khanga yake. Nikaingia ndani nikakupa vitambaa na medali, nikakuambia tangu leo usiwakaribie wanaume. Ukaitikia ndiyo mama. Likizo ile nzima ulikuwa ukimkimbia hata mjomba wako, hukai naye benchi moja, naye akawa ananiuliza amekukosea nini. Nikajua wazi umeelewa vibaya, na nikakuacha ubaki hivyohivyo, kwa sababu kukusahihisha kungetaka maneno.

Wiki hii nimehangaika. Kwanza nilimwendea baba yako, nikamwambia Anasta hajui kitu na anakwenda kufundisha kitu hichohicho. Akasema hayo ni mambo ya wanawake. Nikasema vizuri, basi mwambie Padre hivyohivyo, kwamba ni mambo ya wanawake, atuachie wanawake. Akakumbuka kuna viti vya kanisa vya kupaka rangi. Baba yako ni mtu mwema na mimi ni mke wake, lakini siku ile nilitamani kummwagia hiyo rangi.

Nikameza kiburi nikaenda kwa bibi yako. Nilimkuta anapepeta, hakuacha.

"Mama, nakuomba umfunde Anasta kabla hajaondoka."

"Ulinisimamia nlangoni," akasema.

"Nilikosa."

"Ulikosa, sawa. Sasa ni ntu nzima, mwalimu, ana sanduku la bati. Ninfunde nini, na lori liko njiani? Haya mambo ni siku nyingi, si ya kunnong'oneza ntu akipanda gari." Akapepeta. "Yale uliyofundwa wewe bado unayo?"

"Ninayo."

"Mpe."

"Mimi mama yake, siwezi."

"Basi mwite Padili aje awe bibi yake."

Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nimesimama kama mjinga. Kicheko kile sijamsamehe. Lakini nilipogeuka kuondoka akaniita kwa jina langu la zamani, ambalo hajawahi kuliacha. "Mficha uchi hazai, Salima," akasema, na alikuwa hacheki tena.

Basi sikiliza. Jibu la ulichoniuliza ni hili. Mtoto huingia mwanamume na mwanamke wanapolala pamoja na miili yao ikaungana, mbegu ya mwanamume ikaingia ndani ya mwanamke. Mara moja yaweza kutosha, hata iwe mara ya kwanza. Haihitaji ndoa, haihitaji mapenzi, haihitaji hata mwanamke kutaka. Haizuiwi na sala, wala na medali, wala na kuoga, wala na skapulari. Skapulari ni sala iliyoshonwa, ukiivaa unamwomba Mama Maria, lakini hujajenga ukuta. Damu ya kila mwezi si ugonjwa na si adhabu, ni mwili unajiweka tayari, na mwezi ikikosekana kwa aliyelala na mwanamume, huenda ni mimba. Mara ya kwanza yaweza kuuma, na mume mwenye akili hangoji kuambiwa aende taratibu. Baadaye, kwa mnaopendana, uchungu huisha na kuna raha, na raha hiyo ni Mungu aliyeiumba, hakuiiba shetani mahali akaileta. Hayo yote yameingia katika mistari michache, na mimi nimeyabeba miaka yote hii kama mzigo wa kuni.

Wasichana wako watauliza habari za tamaa. Hawataiita hivyo, watauliza kama ni dhambi kumwota mtu. Usiwatishe. Tamaa huja na mwili kama njaa inavyokuja, na mwenye njaa si mwizi. Lakini asiyeambiwa kwamba hii ni njaa, siku moja atakuja mtu wa kumwambia ni mapenzi, tena mapenzi makubwa yasiyongoja, na yeye ataamini. Mwambie msichana kwamba anayemharakisha anajipenda mwenyewe. Mwambie akisema hapana, hapana hiyo ni yake, si ya Padre wala ya baba yake, na akisema ndiyo mbele ya altare, ndiyo hiyo nayo iwe yake. Haya hata unyagoni sikuyapata. Niliyaokota njiani, mengine kwa kumtazama Felista akipima ufuta.

Nawe utapenda, Anasta. Una ule uso wa kupenda, niliuona ulipokuwa ukimsifia yule mwalimu mwenzako wa hesabu, ukasema mara tatu kwamba ana mwandiko mzuri. Ningefurahi kumwona.

Usije ukadhani mama yako ameasi. Wapo watakaosema Kresensia amerudi unyagoni, na watamwambia baba yako, naye atanitazama kwa yale macho yake ya mbwa aliyenyeshewa. Mimi rozari yangu iko mfukoni hata sasa. Mtu hakasirikii paa la jirani likivuja, hukasirikia la kwake. Ninalikasirikia Kanisa kwa sababu ndiko nilikozika wazazi wangu wa ubatizo na ndiko ninakotaka kuzikwa, na sitaki wasichana wetu waendelee kuchagua kati ya kujua na kukomunika. Mungu aliyejifanya mtu alikaa tumboni mwa mwanamke, akazaliwa kwa damu kama sisi. Mama Maria alimuuliza malaika, "Litakuwaje neno hili?" Aliuliza swali lako hasa, na malaika alimjibu, hakumtuma kuchota maji.

Ukifika, funga mlango. Sista akibisha, mwambie mnapima nguo, na hizo nguo muwe nazo kweli ili usiseme uongo kama mimi. Tafuta mama mzee wa pale, Mkristo au si Mkristo, mwenye ulimi na huruma, mketi naye, kwa sababu kuna utani ambao wewe mwalimu hutauweza na wasichana hufunguka kwa kucheka. Usianze na dhambi, anza na mwili. Usiwaulize kama wameelewa, waambie wakusimulie wenyewe, hapo utasikia maajabu. Na akikujia mmoja akiwa na mimba, usiguse utepe wake. Mketishe, mpe uji, halafu uulize yuko wapi dereva.

Nasikia sauti zenu njiani. Bibi yako amekusindikiza, mnacheka bado, na jua kweli linatua, kwa hiyo naandika haraka. Barua hii siyo niliyoitaka. Nikiitazama naona hata kuandika ni njia nyingine ya kukukwepa, kwamba nimekupa karatasi mahali pa uso. Basi kwanza nitajaribu kwa mdomo. Tukishakula nitamwambia baba yako aende kwa wazee wenzake, nitakukalisha, na nitaanza na yale maneno ya mtoto anavyoingia, nikutazame machoni mpaka nimalize. Nikiweza, karatasi hizi nitaziwashia moto wa chai ya alfajiri, na hutajua kamwe kwamba niliziandika. Ukizikuta kule Nachingwea, katikati ya khanga zako, ujue nilikaa nawe jioni nzima tukazungumza habari za lori na hali ya hewa, na mdomo ukanishinda tena.

Wewe usishindwe.

Mama yako,
Kresensia